Mkaja wa Mama Yupi?

Jumapili, Mwanga, Kigoma mjini. Mvua ilianza kabla ya ibada ya kwanza na mpaka sasa haijakata. Moyo wangu umechafuka, na tope la barabarani halihusiki.

Nianze na kilicho rahisi, kitabu.

Leo asubuhi sikwenda kanisani. Nilibaki kitandani kumalizia riwaya yangu ya tano ya Kiayalandi. Kwa mliofika leo kwenye blogu hii: mimi ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari, na riwaya hizi nimezirithi. Kuna dada mmoja wa Ayalandi alikuwa hapa Kigoma akifanya kazi na wakimbizi. Mkataba wake ulipoisha akagawa vitu vyake. Mwingine alipata friji, mwingine godoro, mimi nikapewa katoni la vitabu. Aliyepata friji bado ananicheka.

Waayalandi wa vitabuni nimeshawazoea sasa. Mvua haikatiki, birika halipoi, baba yuko zizini au yuko baa, na mama yuko jikoni anafuta meza aliyoifuta dakika tano zilizopita. Kuna jambo kila mtu ndani ya nyumba analijua na hakuna anayelisema. Binti anarudi kutoka mjini, mara nyingi kwa sababu ya msiba, na wewe msomaji unakaa kurasa mia tatu ukisubiri angalau mtu mmoja afungue mdomo.

Wanaandika vizuri, sikatai. Ndiyo maana wananikera zaidi.

Hii ya tano inahusu binti wa miaka kumi na saba aliyepata mimba. Mama yake anamficha ndani. Mtoto akizaliwa, mama anamchukua na kumwandikisha kuwa wake, na binti anaambiwa: huyu ni mdogo wako. Mtoto anakua akimwita mama yake mzazi "dada". Wanakula Krismasi pamoja mwaka baada ya mwaka, wanapitishiana viazi, na yule mama, ambaye kwa kweli ni bibi, anakaa kichwani mwa meza akipokea heshima zote za umama. Ukurasa wa mwisho bibi anakufa. Binti anamfumba macho, anambusu kwenye paji la uso, basi, kitabu kimekwisha.

Mwandishi kamsamehe. Mimi sikumsamehe. Nilikitupa kitabu ukutani, na kinyaa kikanikaa kooni mfano wa mtu aliyemeza unywele.

Saa nane mchana nikaenda kwenye kikundi chetu cha kusoma. Tuko wanne, tunakutana kwenye darasa moja pale shuleni kwangu. Kitabu ni kimoja, na Kiingereza cha wengine hakifiki huko, kwa hiyo mimi husoma chote, kisha nawasimulia, na kurasa nilizozitia alama tunazisoma pamoja polepole. Leo nilisimulia kwa hasira mpaka chaki niliyoshika ikakatika. Nikasema yule bibi ni mwizi. Nikasema ile nyumba nzima ni ya wezi, maana kila aliyejua akanyamaza alikuwa anashika mguu wa ngazi.

Wenzangu wakachukizwa pamoja nami. Mmoja akasema ndivyo wazungu walivyo, aibu kwao ni kubwa kuliko mtoto. Nikaitikia kwa kichwa. Mama Shukuru ndiye hakuitikia. Mama Shukuru ni nesi kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi, mwisho wa juma huja mjini kwake, na si mtu wa maneno mengi.

"Mwalimu," akaniuliza, "na wewe ungekuwa kwenye nyumba hiyo, ungesema?"

"Siku hiyo hiyo," nikamjibu, bila hata kumeza mate.

Uongo.

Sasa nije kwenye kigumu. Majina nimeyabadilisha, lakini mengine yote ni kama yalivyotokea.

Nina mdogo wangu, nimwite Neema. Ana miaka ishirini na mbili, anaimba kwaya, anacheka kwa sauti mpaka majirani wanamjua kwa kicheko. Jumamosi ijayo upande wa mchumba wake wanakuja kuleta mahari. Kwenye orodha waliyopewa, chini ya blanketi la bibi, kumeandikwa mkaja wa mama. Nyote mnaujua mkaja: kile kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua. Siku ya mahari mama wa binti hupewa zawadi kwa jina hilo, kumshukuru kwa tumbo lililombeba bibi harusi. Baba haigusi, shangazi haigusi. Mama yetu ameshachagua hadi rangi ya kitenge atakachokaa nacho kuupokea.

Mama hakumbeba Neema.

Nimeandika. Sijawahi kuiandika sentensi hiyo mahali popote.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunaishi Ujiji, karibu na ufukwe, na ule mwaka watu kutoka Burundi walikuwa wanashuka kwenye maboti kila kukicha, na magodoro, na mbuzi, na wazee waliobebwa mgongoni. Mama alikuwa amejifungua mtoto mfu wiki tatu nyuma. Alikuwa haongei na mtu, ila asubuhi alikwenda ufukweni kununua dagaa wa kuuza kwa sababu lazima tule. Siku moja alirudi bila dagaa. Alikuwa na kichanga.

Jioni ile alinisimulia mwenyewe, kabla hajajua kwamba atakuja kuificha hadithi. Mwanamke kijana, anatetemeka kwa homa, alikuwa anapakiwa kwenye gari la wagonjwa, akamkabidhi kichanga chake mtu aliyekuwa karibu naye, yaani mama. Alimwambia neno moja: nishikie.

Maziwa mama alikuwa nayo. Akamnyonyesha. Mwezi haukuisha tukahamia Mwanga, mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba kuna kaburi dogo kule Ujiji. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa reli, nyumbani alikuwa anapita tu, na alikubali kila alichoambiwa. Mimi nikaambiwa huyu ni mdogo wako, nimemzaa mimi. Nilipouliza habari za yule mwenye homa, mama akasema amekufa. Nikaamini.

Alhamisi hii iliyopita aliingia bandani kwa mama na miguu yake miwili.

Banda la mama la cherehani liko nyuma ya soko. Nilikuwa nimesimama napimwa gauni la Jumamosi, mikono juu, tepu kiunoni. Kwenye benchi kulikuwa na wateja wawili. Akaingia mwanamke mwembamba mwenye kapu kichwani. Alilishusha, akakunja magoti kidogo, akasalimia: "Mwiriwe, mama." Kisha akaendelea kwa Kirundi, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeyapanga maneno yake njia nzima. Kwamba yeye ndiye yule wa ufukweni aliyeshikiwa mtoto. Kwamba wakati ule alitafuta akakosa, akarudishwa kwao, na sasa amekimbia tena na safari hii ameulizia mpaka akaelekezwa hapa. Kwamba hakuja kumdai mtu. Kwao mtu akikulelea mtoto unamwendea na kapu, unaketi, unamshukuru, na mtoto humuulizii mpaka uonyeshwe. Amechelewa mno, asamehewe.

Nilimwelewa kila neno, na mama alimwelewa kila neno. Sisi ni Waha. Kiha na Kirundi ni nyumba mbili zenye ua mmoja. Mama hugombana kwa Kiha, husali kwa Kiha, uzi ukikatika hutukana cherehani kwa Kiha.

Akanyoosha mgongo, akasema kwa Kiswahili safi kama msomaji wa taarifa ya habari: "Mimi hicho Kirundi chako sikijui."

Yule mama akababaika. Akatafuta Kiswahili chake. "Mimi ni ule wa mtoto, mama. Ule wa kule ku maji. Nakuja tu kushukuru."

"Una kibali?"

Yule mama akatazama mlango.

"Nakuuliza, una kibali cha kutoka kambini? Maana askari wako pale kona. Niwaite waje wakikague?"

Mtu yeyote wa hapa anajua maana ya swali hilo. Mkimbizi akikutwa mjini bila karatasi, siku yake imeharibika, na pengine si siku moja tu. Sijui kama alikuwa nayo. Hakusubiri kuulizwa mara ya tatu. Lakini kabla ya kugeuka alinitazama mimi. Alinitazama usoni, akashuka mpaka miguuni, akarudi usoni. Nadhani alifikiri mwanawe ndiye mimi.

Nikainamisha macho.

"Murakoze," akasema. Asante. Akatoka, kapu akaliacha pale pale chini.

Mteja mmoja akacheka, "Hawa nao wamezidi sasa." Mama akairudisha tepu kiunoni mwangu, akavuta. "Umepungua," akaniambia.

Mimi nikasema nini? Mwalimu, msomi, mhakiki wa mama wa Kiayalandi, nilisema nini? Nilisema, "Labda."

Ningependa uchafu uishie hapo. Hauishii. Ndani ya lile kapu kulikuwa na unga wa mahindi kwenye mfuko uliofungwa vizuri, chupa ndogo ya mafuta ya kupikia, na njegere za njano zile zilizopasuliwa. Ni vitu vya mgao wa kambini. Mtu alikuwa anakula nusu, nusu anaweka, ili asije mikono mitupu kwa mwanamke aliyemlelea mwanawe. Ijumaa mchana mama alizipika zile njegere. Aliziunga kwa nazi. Neema akasema, "Mama, leo umezipatia kweli," na mama akamwongezea upawa mwingine, akitabasamu.

Mimi nilikula pia. Nilimaliza sahani.

Hapo ndipo kinyaa changu kilipo. Kwa siku mbili nimekuwa nikikitafutia mtu wa kumpakaza, nikampata bibi kizee wa kubuni, wa nchi ambayo sitakanyaga, nikamtukana mbele za watu huku nimeshiba njegere za mama wa watu.

Baada ya kikundi nikarudi nyumbani moja kwa moja, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Neema alikuwa bado kwenye mazoezi ya kwaya. Mama alikuwa barazani anapiga pasi kile kitenge. Nikamwambia kwamba Neema lazima ajue kabla ya Jumamosi. Nilimwambia kwamba yeye hawezi kukaa mbele ya wageni apokee mkaja wa mtu aliyemfukuza mwenyewe kwa kumtishia askari.

Alinijibu kwa Kiha, hapa natafsiri. "Maziwa yalikuwa ya nani? Degedege lilipomshika, aliyelala naye sakafuni hospitali ni nani?"

"Mkaja ni wa tumbo, mama."

"Tumbo lilikuwepo." Hakuacha kupiga pasi. "Lilitoa mtoto aliyekufa. Huyo, mkaja wake nilipewa na nani?"

Nilimwonea huruma mama yangu, na papo hapo niliona kinyaa, maana nilimwona amesimama palepale bandani akiuliza kibali. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kimoja kumfukuza mwenzake.

"Basi nitamwambia mimi," nikasema.

"Mwambie," akasema mama. "Ila uanze na Kalinzi."

Akaendelea kunyoosha pindo.

Nimekaa chumbani tangu hapo. Niliandika huko juu kwamba mama aliniambia yule mwanamke amekufa na nikaamini. Nimepasoma tena sasa hivi. Napaacha palivyo, ili mwone jinsi uongo unavyonitoka laini.

Kalinzi ni hivi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, Neema amekaribia miaka miwili. Kuna mwanamke wa Kirundi alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, Ujiji mpaka Mwanga, anauliza habari za kichanga kilichoachwa ufukweni. Nilimsikia mama akimwambia baba chumbani, ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Kesho yake alinifunga Neema mgongoni kwa khanga, akanipandisha mlimani Kalinzi, kwa shangazi yangu, kwenye mashamba ya kahawa, akasema nikae mpaka atakaponiita. Nilikaa mwezi mzima. Shangazi aliponiuliza mbona nimekuja shule hazijafungwa, nikamwambia zimefungwa.

Hakuna aliyenifundisha jibu hilo. Nililitunga mwenyewe.

Na nilikuwa na furaha. Nilimbeba kwenye vile vijinjia katikati ya mibuni, nikampa matunda mekundu ya kahawa ayachezee, akawa ananishika masikio anacheka. Nilimtaka awe wangu. Kule chini mama yake alikuwa anagonga milango, na mimi mlimani nilikuwa naomba akose. Niliomba kwa kupiga magoti, kwa jina la Yesu.

Nimekiokota kile kitabu. Nilikuwa na jambo la kuhakikisha. Ndani yake yumo mama mdogo wa yule binti, ndugu wa yule bibi, ambaye kila sura yupo na hana sura yake mwenyewe. Anajua kila kitu. Kazi yake ni kujaza vikombe na kusema jinsi mvua ilivyozidi. Nimesoma kurasa zaidi ya mia tatu nikampita bila kumwona, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kumchukia bibi. Sasa nimehesabu mara anazofungua mdomo kana kwamba atasema kitu, halafu anauliza nani anataka chai zaidi. Nikaacha kuhesabu.

Sijui kwa nini mwandishi hakumpa adhabu yoyote. Pengine aliona kuendelea kuwa yeye kunatosha.

Neema amerudi, namsikia anapiga miguu mlangoni kuondoa tope. Anaimba ile sauti ya pili ambayo hupotea akifika kwenye kiitikio. Nimewaza kwamba ningeweza kuichapisha hii sasa hivi na kumwachia aikute mwenyewe. Mara moja moja husoma blogu yangu. Ningekuwa nimesema bila kusema, Muayalandi kamili. Basi nimeweka sharti: sibonyezi kitufe mpaka nimwambie kwa mdomo wangu, uso kwa uso, nikianza na Kalinzi. Ukiwa unasoma hapa, ujue nimeshamwambia.

*

Nimerudi. Bado kuna mwanga nje, mvua imekuwa manyunyu.

Nilimkuta chumbani kwake anakunja joho la kwaya. Nikafunga mlango. Nilianza na Kalinzi, nikarudi ufukweni, nikaja bandani, nikamalizia na njegere. Sikumpamba mama wala sikumpaka matope, nilisema alichofanya na nilichofanya. Sauti yangu ilikuwa ile ninayotumia kusoma majina ya wanafunzi. Sijui kwa nini.

Hakulia. Nilijiandaa kwa kilio, nikajiandaa kwa kofi, nilijiandaa hata kwa kicheko chake. Alikaa kitandani na joho mapajani akawa ananyoosha mkunjo uleule. Nikamwambia kwamba yule mama aliniangalia mimi akidhani ni yeye. Hapo akafumba macho kidogo.

Kisha akauliza swali moja.

"Anaitwa nani, dada?"

Nikafungua mdomo.

Miaka ishirini na mbili. Ndani ya nyumba yetu alikuwa "yule", na siku nyingine hakuwa hata hivyo. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, akaongea lugha ninayoijua tangu tumboni, na mimi nikaangalia viatu vyake. Ninaweza kukueleza vilikuwa vya rangi gani. Vilikuwa bluu, vya plastiki, cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa nailoni.

"Sijui," nikamwambia. "Sikumuuliza."

Neema akaliweka joho pembeni. Akachukua mwavuli, akaenda kwa Mama Shukuru, ambaye kesho asubuhi anarudi kazini kambini. Ametuma ujumbe sasa hivi kwamba wataondoka wote kwenda kambini saa kumi na mbili.

Hajasema kama na mimi niende.